Darubini ya Bunduki na Macho ya Usiku

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha jioni)



Barua ya Katibu iliniomba nizungumze kwa nusu saa juu ya kazi ninayoifanya. Wenzangu waliotangulia kusimama hapa mwaka hadi mwaka ni madaktari, wahandisi na watu wa benki, nao walikuwa na mambo makubwa ya kueleza. Mimi ni Bwana Nyama. Najua siku hizi cheo kinaandikwa Afisa Wanyamapori, lakini wazee wa kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu bado wananiita Bwana Nyama, na sijapata kuwasahihisha.

Basi nimechagua jambo dogo, nalo ni darubini inayofungwa juu ya bunduki, na jinsi ya kuichagua kwa kazi ya usiku inayofanywa kwa taa. Msicheke. Mnakumbuka maabara yetu ya fizikia, mshumaa ukiwaka upande huu, lenzi katikati, na kadi nyeupe upande ule, na sisi tukitafuta mahali ambapo moto utaonekana kichwa chini miguu juu. Nilipata alama mbaya sana katika mtihani ule. Nilipokwenda Chuo Kikuu nilichagua elimu ya wanyamapori kwa sababu, pamoja na mengine, nilidhani nimezikimbia lenzi. Zilinifuata mpaka Lang'ata.

Kwanza niseme neno la sheria, maana humu ndani najua wamo wenye bunduki zao halali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kama ile ya 1974 iliyoitangulia, hairuhusu raia kuwinda usiku wala kuwinda kwa taa. Ninayoyaeleza hapa ni kazi ya mtumishi wa serikali aliyetumwa kwa maandishi kumwondoa mnyama aliyekwisha kudhuru watu. Mtu akitoka hapa akaenda kumulika swala kule nyikani, asiseme alifundishwa kwenye mkutano wa shule.

Wengi wenu mnalifahamu bwawa. Ukishuka kutoka milima yetu ya Upare ukaangalia machweo, unaliona linang'aa kule chini tambarare. Lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, mahali ambapo maji ya Kikuletwa na ya Ruvu yanakutana na kuwa mto Pangani, na mitambo yake ya umeme ni ya megawati 8. Mkoa wa Kilimanjaro uko upande huu, mkoa wa Manyara upande ule. Samaki walipopatikana, watu walikuja kutoka kila pembe kuvua perege na kambale, miji midogo ikaota kando ya maji. Lakini mto ulikuwa na mamba kabla ya bwawa, na mamba hakuhama. Alipewa nyumba kubwa zaidi. Watu wakaja kuchota maji, kufua, kuoga na kutega nyavu mlangoni pake.

Miaka kadhaa iliyopita mamba mmoja alimchukua mama aliyekuwa akiosha vyombo kwenye mwalo, saa moja jioni, watoto wake wawili wakitazama. Sitataja jina lake wala kijiji, maana jamaa zake wapo. Wiki mbili baadaye mvuvi alikamatwa mguu mahali hapo hapo, akaokolewa na wenzake kwa makasia. Kijiji kikaandika barua, barua ikapanda ngazi zote ikashuka tena, ikakomea mezani kwangu ikiwa na maneno "shughulikia".

Kwa nini usiku? Mchana mamba aliyezoea watu hakuoni ila kwa hiari yake. Anakuona wewe kwanza, anazama, na anaweza kukaa chini muda mrefu kuliko subira yako. Usiku unapommulika, nyuma ya jicho lake kuna utando kama kioo unaorudisha nuru, nawe unaona makaa mawili mekundu juu ya maji. Wanyama wengine wengi wanao utando huo. Mbuzi na ng'ombe wanarudisha nuru ya kijani au ya samawati, mbwa vivyo hivyo kwa rangi zinazokaribia hizo, na komba juu ya mti anawaka mekundu. Hata buibui kwenye majani anametameta kama tone la umande. Mwanadamu hana utando huo. Naomba mlikumbuke neno hilo, nitalirudia.

Idara ilikuwa imeniomba niandike ni darubini ya namna gani inafaa kununuliwa kwa bunduki yetu ya .375. Niliandika mimi, wala sitamtupia mtu mwingine lawama. Nilifungua vitabu vya wageni na picha zao nzuri. Nikasoma jinsi wenzetu wa Uingereza wanavyowapiga mbweha usiku kwa taa ili wasile wana-kondoo wao, na darubini wanazozisifu. Nikaona namba kubwa, nikadhani ukubwa ndio ubora. Nikaomba darubini ya kukuza kuanzia mara 6 hadi mara 24, yenye lenzi ya mbele ya milimita 50. Ilipofika ilikuwa ndefu kama mchi. Ofisi nzima ilikuja kuitazama, na kila mmoja alichungulia dirishani akasoma namba za magari barabarani.

Usiku wa kwanza tulitoka saa nne. Hapakuwa na mwezi. Nilikuwa na askari mmoja na mzee mmoja mvuvi aliyejitolea kushika taa, mtu aliyelijua bwawa kuliko ramani. Tulipita kwa miguu juu ya kingo, mzee akimulika polepole. Baada ya saa moja tukayaona, makaa mawili mekundu kando ya matete, kama hatua arobaini, yameachana vya kutosha kujua kwamba mwenyewe si mtoto. Nikalala chini, nikaweka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, nikatazama ndani ya darubini. Giza tupu. Nilikuwa nimeiacha kwenye mara 12 tangu mchana. Kwa kukuza huko, kwenye umbali ule, ulimwengu wote uliobaki ndani ya darubini ulikuwa na upana wa mita moja hivi. Nikahangaika huku na huku kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Hatimaye nikayapata macho. Yalijaa ndani ya kioo, mekundu, mazuri mno, na pembeni mwake hapakuwa na kitu. Nikaondoa kizuizi cha usalama. Kidole kikaingia.

Mzee akanigusa bega. Akanong'ona, "Mwanangu, subiri. Pale nyuma pana mtumbwi."

Nikainua kichwa. Kwa macho yangu ya kawaida, katika duara pana la taa, nikaona kweli ncha ya mtumbwi imeingizwa ndani ya matete, hatua kama kumi nyuma ya mamba na kwenye mstari ule ule wa risasi. Mzee akapiga mluzi. Mamba akazama. Ndani ya mtumbwi, chini ya turubai, akainuka mtu aliyekuwa amelala akisubiri nyavu zake. Akatutukana sana. Alisema Bwana Nyama hajui kazi, tunamfukuzia samaki. Sikumjibu, maana miguu yangu ilikuwa haina nguvu.

Ndugu zangu, nimelipima tukio lile mara nyingi. Risasi inayogonga maji kwa pembe ndogo haizami. Inaruka kama jiwe tulilokuwa tukilirusha mtoni tukiwa watoto, na kwenda isikojulikana. Mamba alikuwa na macho yanayowaka na mtu hakuwa nayo. Na darubini yangu ya fahari ilinionyesha kila ukucha wa kile nilichotaka kukiona, ikanificha kila kitu kingine.

Asubuhi nilianza kujifunza fizikia, miaka zaidi ya ishirini baada ya mtihani.

Hesabu ya kwanza ni nyepesi, hata mimi niliiweza. Chukua upana wa lenzi ya mbele, ugawanye kwa idadi ya kukuza, unapata upana wa mwale wa nuru unaotoka nyuma kuingia jichoni. Darubini ya 4 kwa 32 inatoa mwale wa milimita 8. Ya 6 kwa 42 inatoa 7, na ya 8 kwa 56 vile vile 7. Ile yangu, kwenye mara 12, ilitoa milimita 4 na ushei, na kwenye mara 24 ilitoa 2 tu. Mboni ya kijana gizani hufunguka mpaka milimita 7 hivi. Yetu sisi tuliopita arobaini haifiki huko tena, hata tukijipaka mafuta. Mwale ukiwa mwembamba kuliko mboni, picha inafifia, na kichwa kikisogea kidogo tu inapotea kabisa. Mwale ukiwa mnene, jicho linaikuta picha upesi hata ukiwa umelala vibaya juu ya mawe. Kwa hiyo hata pale ambapo nuru yote haiingii jichoni, unene wa mwale una faida yake.

Mtu atauliza, basi si tununue hiyo ya 8 kwa 56? Ni chombo kizuri sana, lakini kilitengenezwa kwa wawindaji wa Ulaya ya kati wanaokaa juu ya mnara wakingoja nguruwe-mwitu kwa mbalamwezi, bila taa. Sisi tunayo taa. Nuru tunayo ya kutosha, tunachokosa ni upana. Na yule Mwingereza wa mbweha naye hakukosea kwa kazi yake. Mbweha wake ana kilo chache tu, yuko mita mia na hamsini katikati ya konde la majani, na nyuma yake pana kilima. Anahitaji kukuza. Mamba wetu yuko hatua thelathini au arobaini, na nyuma yake pana watu. Mimi niliyanakili majibu ya mtihani wa mtu mwingine.

Jambo la pili ni rangi ile ya zambarau au kijani unayoiona juu ya kioo ukikigeuza. Kioo kitupu hurudisha nyuma nuru asilimia 4 hivi kwenye kila uso. Darubini ina nyuso kumi na zaidi, kwa hiyo theluthi ya nuru ingepotea njiani. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kiwanda cha Zeiss, Ujerumani, alipata njia ya kukipaka kioo utando mwembamba unaozuia upotevu huo. Tofauti ya darubini ya bei rahisi na ya bei ghali iko hapo zaidi kuliko kwenye namba. Ile ya bei rahisi ukiielekeza mahali penye taa, nuru inatapakaa ndani kama maziwa kwenye chai. Kabla ya kununua, iangalieni usiku, mkielekeza karibu na balbu inayowaka. Muuzaji asiyetaka mfanye hivyo muacheni na bidhaa yake.

Msalaba wa kulengea uwe mnene. Ule mwembamba kama unywele unapendeza dukani, lakini juu ya mgongo mweusi wa mamba hauonekani kamwe. Nimependa ule wenye nguzo tatu nene zinazokomea karibu na katikati, na nukta ndogo nyekundu inayowashwa kwa betri. Nukta hiyo iwe na uwezo wa kufifishwa sana, la sivyo inakuwa taa ya pili ndani ya jicho lako.

Kisha kuna umbali wa jicho. Mnaona kovu hili juu ya nyusi? Watoto wangu nimewaambia ni chui. Ni darubini. Bunduki ya .375 inarudi nyuma kwa nguvu, na darubini inayotaka jicho liwe sentimita 7 tu kutoka kioo itakugonga ukilala kifudifudi. Tafuteni ya sentimita 9 au 10.

Na urefu wa kufunga! Hili ndilo walilokosea hata watu wenye uzoefu. Lenzi kubwa ya mbele inalazimisha darubini ikae juu sana. Tuseme katikati yake iko sentimita 5 juu ya katikati ya mtutu, na shabaha umeirekebisha kwa mita 100. Kwenye mita 20 risasi itapiga chini ya msalaba kwa sentimita 2 na nusu hivi. Kwa nyati si kitu. Lakini ubongo wa mamba, hata mamba mkubwa, hauzidi kidole gumba. Sentimita mbili na nusu ni mamba aliyejeruhiwa, anayezama, asiyepatikana, na kesho ni hatari kuliko jana. Kwa hiyo fungeni chini kadiri inavyowezekana, na rekebisheni shabaha kwa umbali wa kazi yenyewe. Mimi narekebisha kwa mita 40, kwa karatasi, mchana, risasi zile zile za usiku.

Taa nayo ina mengi. Ishikwe na mtu mwingine, asimame nyuma na juu ya mpigaji, nuru isiguse mtutu wala kioo cha mbele, maana mtutu ukimulikwa unang'aa na kukupofusha. Alfajiri ukungu unapolala juu ya maji, taa kali inakuwa ukuta mweupe, ni heri kurudi nyumbani. Kioo chekundu mbele ya taa kinasaidia kwa mamba aliyekwisha kupigiwa risasi akakosewa, maana huyo ameijifunza taa na anazama mara tu ukiiwasha. Ila nawasihi wenye kupenda vitu vipya: msifunge taa juu ya bunduki pekee. Ukifanya hivyo, kila unachotaka kukitambua inabidi kwanza ukielekezee mtutu. Mzee wangu yule angeshika taa iliyofungwa kwenye bunduki, asingeuona mtumbwi.

Siku hizi zipo darubini zinazoona joto. Vijana wa kazini wananiuliza kila siku. Nimeijaribu moja ya kushika mkononi. Mamba damu yake haina joto lake mwenyewe, akikaa majini anakuwa na joto la maji, na kwenye chombo kile anaonekana kwa shida au haonekani kabisa. Lakini mtu aliyelala kwenye matete anawaka kama jiko la mkaa. Kwa hiyo nilipoulizwa kama ninunuliwe, niliandika ndiyo, si ya kufunga kwenye bunduki, bali ya kumpa mshika taa, ili atazame kwanza wale ambao taa haiwaonyeshi. Ombi hilo bado liko njiani, na wale wenzetu walioko Hazina waliomo humu ukumbini wamenielewa.

Nirudi kwa mamba. Ile ya mara 24 tuliirudisha kwenye sanduku lake. Nikaazima darubini kuukuu ya 4 kwa 32 ya mwenzangu wa wilaya ya jirani, kitu kilichokwaruzika, mpira wake umekatika, nikaifunga chini kabisa. Tulizunguka vijijini mchana kuwaomba wavuvi wasilale kwenye matete kwa siku tano, na mwenyekiti wa kijiji akahesabu mitumbwi kila magharibi. Usiku wa nne tulikuwa juu ya kingo iliyoinuka, tukitazama chini, mamba ametoa nusu ya mwili kwenye tope, hatua thelathini na tano. Ndani ya kioo kile cha zamani niliona kichwa chake, matete kushoto na kulia, na tope nyuma yake. Nikamuuliza mzee, "Baba, pako wazi?" Akakaa kimya, akamulika pande zote mbili bila haraka, akasema, "Pako wazi." Risasi moja.

Alikuwa na mita 3 na sentimita 90. Asubuhi tulimpasua mbele ya watu, kwani walidai hivyo. Tulikuta mawe, kipande cha wavu, na mifupa ya samaki. Mume wa yule mama alisimama muda wote bila kusema, kisha akaniuliza kama ndiye. Nilikuwa nimevaa sare, na watu wote walikuwa wakinitazama, na jibu walilolitaka lilikuwa jepesi. Nilimwambia sijui. Alitikisa kichwa, akaniuliza kuhusu fomu za kifuta machozi, nami nikakaa naye chini ya mti tukazijaza. Tangu hapo mwalo ule haujachukua mtu. Lakini pia tangu hapo kijiji kimezungushia miti na matawi ya miiba mahali pa kuchota maji, na mimi sijui kati ya risasi na miiba ni kipi kilichofanya kazi. Nikilazimishwa nitasema miiba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Juu ya meza ile ya nyuma nimeweka darubini tatu, bila bunduki: ile ya mara 24, moja ya 8 kwa 56 niliyoazima, na moja ya mara 1 na nusu hadi 6 yenye lenzi ya milimita 42, ambayo ndiyo idara imeikubali sasa. Katibu ameahidi kuzima taa za bwalo kwa dakika kumi. Mlinzi atamulika kwa tochi kule kwenye miti ya uwanja wa mpira, na mmoja wetu, simtaji, amejificha huko. Njooni mmoja mmoja mniambie kwa darubini ipi mmemwona. Wenye simu naomba msiziwashe, jicho linataka muda kuzoea giza.